Sauti za washairi katika santuri za kwanza: je, tunamsikia mshairi au tunaisikia mashine?

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu wapenzi wa ushairi, salamu kutoka Lubumbashi.

Ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na kila Ijumaa jioni ninaongoza kundi la wanafunzi wanaopenda kukariri mashairi mbele ya wenzao, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Mwezi huu tumekuwa na shairi la Guillaume Apollinaire, "Le Pont Mirabeau", lililotoka mara ya kwanza mwaka 1912 na kuingia katika diwani yake *Alcools* mwaka 1913. Wanaolifahamu wanajua shida yake: katika diwani hiyo mshairi aliondoa nukta na mikato yote, hata moja haikubaki. Kila ubeti una mishororo minne, ya silabi 10, 4, 6 na 10, kisha kibwagizo cha mishororo miwili kinarudi vilevile hadi mwisho. Sasa wanafunzi hawaelewani mahali pa kuvuta pumzi. Wapo wanaosimama mwisho wa kila mshororo, na wapo wanaounganisha wa pili na wa tatu kwa hoja kwamba 4 na 6 ni 10, yaani ulikuwa mshororo mmoja uliokatwa.

Nilidhani tutamaliza ubishi kwa kumsikiliza mwenye shairi. Apollinaire alirekodiwa Paris tarehe 24 Desemba 1913, katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, kwenye hifadhi ya sauti ambayo mwanaisimu Ferdinand Brunot aliianzisha mwaka 1911 kwa vifaa vilivyotolewa na kampuni ya Pathé. Alisema mashairi matatu: "Le Pont Mirabeau", "Marie" na "Le Voyageur". Rekodi hizo leo ziko mikononi mwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na mtu yeyote anaweza kuzisikiliza bila malipo kwenye tovuti yake ya Gallica.

Tulisikiliza, na ubishi haukwisha, ulihama tu. Sauti inayotoka pale haifanani na ya mtu anayesoma kitabu. Ni ya polepole, ya huzuni, inazivuta irabu, na inarudi kwenye toni ileile mshororo baada ya mshororo, karibu na sala inayosomwa kanisani. Nusu ya kundi wakasema: huyu anaimba, basi na sisi tuimbe. Nusu nyingine wakasema: hiyo ni mashine ya zamani iliyopotosha sauti, mtu wa kawaida hasemi hivyo.

Ningependa kusaidiwa na wenye ujuzi. Katika rekodi za kale namna hii, kipi ni cha mshairi na kipi ni cha chombo? Na je, tenzi na mashairi yetu ya Kiswahili yaliingia lini katika santuri, na yaliingia kwa sura gani?

---

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Mwalimu, hujambo. Fasihi nawaachia wenyewe. Kazi yangu ni redio na mashine za santuri, kwa hiyo nitajibu upande wa chombo peke yake, na nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu swali lako ni la haki.

Mwaka 1913 hapakuwa na maikrofoni katika chumba cha kurekodia. Msemaji alisimama mbele ya mdomo wa pembe kubwa ya bati. Pumzi yake ndiyo iliyotikisa kiwambo chembamba kilichofungwa mwisho wa pembe, kiwambo kikaisukuma ncha ya kuchorea, na ncha ikachimba mfereji katika nta iliyokuwa ikizunguka. Nguvu yote ilitoka kifuani mwa mtu. Umeme wa kukuza sauti ulianza kutumika na kampuni kubwa mwaka 1925. Fikiria basi hali ya mshairi. Akinong'ona, nta haipati kitu. Akipaza ghafla, sauti inapasuka na mfereji unaharibika. Hana budi kushika nguvu moja tangu neno la kwanza hadi la mwisho, tena bila kugeuza uso pembeni. Kwa hiyo sehemu ya ule usawa ambao wanafunzi wako wameusikia ni nidhamu iliyoletwa na pembe.

Jambo la pili ni masafa ya sauti. Pembe zile zilipokea, kwa makadirio ya kawaida, kutoka kama Hz 170 (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hadi Hz 2,000 na kitu, wakati sikio la kijana linafika karibu na Hz 20,000. Irabu zina nguvu zao nyingi chini, ndani ya eneo hilo. Konsonanti za mkwaruzo, yaani s, f, sh na jamaa zake, zina nguvu zao juu, kuanzia Hz 3,000 au 4,000 kwenda mbele. Matokeo yake ni kwamba santuri ya wakati wa pembe inahifadhi irabu na kuzipoteza konsonanti hizo. Mtu anaposikia irabu tupu zikifuatana huku kingo za maneno zimefutika, anaona kana kwamba msemaji anaimba, hata kama hakukusudia. Chukueni ubeti wa kwanza wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, kabla ya mashine yoyote ya kunasa na kurudisha sauti:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiyati*
*asa ukazingatia*

Mshororo wa kwanza ungepita katika pembe salama, kwa kuwa una n, g, m na b. Wa pili ungetoka na majeraha: "mchachefu" na "sanati" zina ch, f na s, na msikilizaji asiyeujua utenzi angebaki kukisia. Vina vya -ti vingesikika kwa irabu yao zaidi kuliko kwa konsonanti. Kwa hiyo mnapomsikiliza Apollinaire, msihukumu matamshi ya konsonanti zake hata kidogo. Hukumuni muda, mapumziko na kupanda na kushuka kwa toni, kwa sababu hayo pembe iliyabeba kwa uaminifu.

Hata hivyo kuna sharti la tatu, nalo ni mwendo. Santuri za Pathé za wakati ule hazikuwa kama za kampuni nyingine. Mfereji wake ulichimbwa juu na chini badala ya kuyumba kushoto na kulia, nyingi zilianza ndani karibu na lebo na kuishia ukingoni, na zilichezwa kwa kijiwe cha yakuti chenye ncha ya mviringo. (Mwenye santuri hizo nyumbani asithubutu kuweka sindano ya chuma juu yake, ataimaliza.) Kwa kawaida zilizunguka karibu mara 90 kwa dakika. Mtu akiicheza kwa mizunguko 78, ambayo ndiyo wengi wameizoea, shairi la dakika 2 linakuwa la dakika 2 na sekunde 18, na sauti nzima inashuka kwa zaidi ya nusutoni mbili. Mwanamume wa miaka 33 anageuka mzee mwenye majonzi. Nakala za maktaba kubwa zimepita mikononi mwa mafundi wanaolijua jambo hili, lakini zile zinazosambazwa kwenye simu, zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, sizidhamini. Hakikisha kwanza mmesikiliza ipi.

---

Msomaji wa Himbi, Goma

Nimeisoma hoja ya Papa Fundi kwa furaha, na sina la kuongeza kuhusu pembe na nta. Lakini ninaogopa wanafunzi wa Mwalimu wasije wakatoka hapa wakiamini kwamba sauti ile yote ni kazi ya chombo, kwa sababu kuna ushahidi wa kalamu wa mshairi mwenyewe.

Mwaka uleule wa 1913, baada ya *Alcools* kutoka, Apollinaire alimwandikia barua Henri Martineau. Humo anaeleza kwamba aliondoa alama za uandishi kwa kuwa aliziona hazina kazi: mapigo ya shairi na mahali mshororo unapokatwa ndivyo vituo vya kweli. Kisha anasema jambo linalogusa moja kwa moja swali la Ijumaa yenu: kwa kawaida alitunga huku akitembea na kuimba, kwa kutumia tuni mbili tatu zilizomjia zenyewe, ambazo rafiki yake mmoja aliziandika kwa noti. Mtu huyu alianza na tuni, maneno yakaja juu yake. Wanafunzi waliosema "anaimba" hawakukosea, ila wajue kwamba wimbo ule ulikuwapo barabarani, miguuni mwake, kabla ya Desemba 24 na kabla ya pembe ya Brunot.

Kuhusu pumzi, barua hiyo inawapa haki wanaosimama mwisho wa mshororo: ikiwa mkato wa mshororo ndio kituo, basi 4 na 6 zimetengwa kwa makusudi. Ninawaomba waisikilize tena rekodi wakiwa na kitabu mkononi, wachore alama ya penseli kila anapopumzika, halafu walinganishe na kurasa. Huo ndio utajiri wa rekodi hii kuliko nyingine nyingi. Kitabu kimenyamaza mahali ambapo sauti inasema.

Jambo jingine. Brunot hakuwaita washairi ili kuwatukuza. Alikuwa mwanahistoria wa lugha ya Kifaransa, na alitaka kuhifadhi lugha inavyotamkwa. Mwaka 1912 na 1913 alibeba mashine hadi vijijini, Ardennes, Berry na Limousin, akiwarekodi watu wa kawaida kwa lahaja zao. Apollinaire, na Émile Verhaeren wa Ubelgiji, waliingia katika mkusanyiko uleule pamoja na wakulima na waimba nyimbo za kijijini. Ninaona hilo ni jambo jema sana. Mshairi amewekwa mahali pake, miongoni mwa wasemaji wa lugha. Na Apollinaire mwenyewe aliandika baadaye kwamba mashine ilipomrudishia mashairi yake, hakuitambua sauti yake hata kidogo, jambo ambalo kila mmoja wetu amelipata aliposikia sauti yake kwenye simu kwa mara ya kwanza.

Je, ni yeye peke yake aliyesema mashairi kwa namna hiyo? Hapana. Alfred Tennyson wa Uingereza alirekodiwa kwenye silinda za nta mwaka 1890, akiwa na miaka 80, akisema shairi lake la mashambulizi ya wapanda farasi katika vita vya Balaclava vya mwaka 1854. Silinda zimeharibika, zinakwaruza vibaya, lakini mapigo yanasikika wazi: anayapiga maneno kwa mdundo mmoja, na irabu anazivuta. Na marafiki zake walikuwa wameeleza kwa maandishi, miaka mingi kabla ya mashine, kwamba ndivyo alivyosema mashairi yake sebuleni. Pale, maandishi na nta vinashuhudia jambo moja. Halafu njoo mbele hadi W. B. Yeats wa Ireland, aliyesoma mashairi yake kwenye redio ya BBC miaka ya 1930. Wakati huo maikrofoni ipo, hakuna pembe tena wala haja ya kupaza sauti, na bado anayaghani. Tena anawaeleza wasikilizaji mapema kwamba atakazia mapigo, kwa kuwa alihangaika sana kuyaweka maneno yale katika ushairi na hawezi kuyasoma kama nathari. Mwanamume huyu angeweza kunong'ona kama angependa; chombo kilimruhusu. Kwa hiyo, Papa Fundi, ninakubali kwamba pembe ilisawazisha nguvu ya sauti, lakini toni na mwendo wa polepole vilikuwa desturi ya watu wa kizazi kile, na nisingependa tuviweke kwenye hesabu ya bati.

Kuna hasara moja ya chombo ambayo ni kubwa kuliko zote, nayo ni woga. Robert Browning, mshairi mwingine wa Uingereza, alirekodiwa London mwezi Aprili 1889, nyumbani kwa rafiki yake, na wakala wa Edison, mvumbuzi wa mashine ya kunasa sauti. Alianza shairi alilolichapisha mwaka 1845, shairi la farasi wanaokimbia kupeleka habari njema, akafika mishororo michache, akapotea. Katika nta anasikika akiomba radhi kwamba ameyasahau maneno yake mwenyewe. Alifariki Desemba mwaka huohuo, na siku ya ukumbusho wa mwaka mmoja wa kifo chake marafiki walikusanyika kuisikiliza silinda hiyo. Ninapoisikiliza huwa ninaguswa kuliko na rekodi yoyote kamilifu.

---

Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Mwalimu, wewe ni jirani yangu, basi niseme kwanza kwamba kazi unayoifanya na vijana hao ni kazi ya thamani.

Naona vijana wako wamejifungia kati ya mambo mawili, kusoma au kuimba, kama vile hakuna kingine. Hao ni watoto wa Lubumbashi. Wengi wao wamekaa matanga na kusikia kasala, utenzi wa sifa wa Waluba, ambao mwenye kuutoa hasomi wala haimbi. Anayataja majina ya ukoo, anaharakisha, anapunguza, sauti inapanda na kushuka kwa kufuata toni za Kiluba zenyewe, kwa sababu katika lugha hiyo toni ni sehemu ya neno na haiwezi kuchezewa. Hata pasipo ala ya kumwongoza, hakuna anayedhani kwamba anazungumza tu. Vijana walioizoea hali hiyo wanayo masikio ya kumwelewa Apollinaire vizuri zaidi kuliko mwanafunzi ambaye amesoma mashairi kimyakimya maisha yake yote. Waambie hivyo.

Utenzi wa pwani ni jambo lilelile. Haukutungwa usomwe kwa macho. Una mahadhi yake, na mghani mzuri hubeba mamia ya beti kwa mahadhi hayo bila kuwachosha watu. Na hapa ndipo santuri ilipotuumiza. Silinda ya kawaida ya zamani ilibeba kama dakika 2, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 kama dakika 3. Hesabu mwenyewe: ukighani ubeti mmoja wa mishororo minne kwa sekunde 10, upande mmoja unakupa beti 18. Utendi wa Mwana Kupona una zaidi ya beti 100, na tenzi za vita ni ndefu kuliko huo mara nyingi. Kampuni ya biashara isingechapisha pande sita za santuri kwa ajili ya wasia wa mama kwa binti yake. Iliyoweza kuingia ni wimbo. Ndiyo sababu ushairi wetu uliingia katika santuri kupitia mlango wa taarabu.

Aliyeufungua mlango huo kwa kishindo ni Siti binti Saad, aliyezaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki yote. Taarabu kabla yake ilikuwa imezoea Kiarabu. Yeye aliimba Kiswahili, na mashairi yake yalisema mambo ya mji, hata dhuluma za mahakamani. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake, yaani mshairi mkuu wa Kiswahili aliona kwamba maisha ya mwimbaji yanastahili kitabu. Kwa heshima ya Papa Fundi niongeze kwamba mwaka 1928 maikrofoni ilikuwa imeshaingia kazini, kwa hiyo Kiswahili cha taarabu kilipata bahati ambayo Kifaransa cha Apollinaire hakikuipata.

Lakini santuri hizo zina kasoro nyingine ambayo wanafunzi wa ushairi lazima waijue. Lebo ilitaja mwimbaji na jina la wimbo. Aliyetunga maneno mara nyingi hakutajwa. Katika taarabu mtunzi na mwimbaji wanaweza kuwa watu wawili, na mtunzi akapotea moja kwa moja, huku sauti iliyoyabeba maneno yake ikipata jina. Washairi wachache duniani walikuwa na bahati ya kuimba wenyewe tungo zao mbele ya mashine wakati ule. Rabindranath Tagore wa Bengal ni mmojawapo, kwani aliimba kwenye silinda za nta huko Calcutta katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, ingawa nyingi za silinda hizo zilipotea.

Na sisi wa Katanga tusijisahau. Jean-Bosco Mwenda, ambaye alitunga maneno, akapiga gitaa na kuimba mwenyewe kwa Kiswahili chetu cha hapa, alirekodiwa Jadotville, ambayo ndiyo Likasi ya leo, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Gitaa lake limesifiwa duniani kote, na wanaolichambua ni wengi. Wanaoyachambua maneno yake kama ushairi ni wachache mno, na hilo linaniuma. Mwalimu, Ijumaa moja iwe ya Mwenda.

---

Mwalimu wa Katuba, Lubumbashi

Mama, Papa Fundi, ndugu wa Himbi, nawashukuru sana. Nimeamua hivi: Ijumaa ijayo tutasikiliza rekodi ya 1913 na penseli mkononi, kisha tutasikiliza shairi hilohilo jinsi Léo Ferré alivyolitia muziki na kuliimba mwaka 1953, ili vijana waone wenyewe mshairi alipopumzika na mwanamuziki alipopumzika. Na Mwenda atafuata, naahidi.

Nina maswali mawili ya ziada. Katika kundi letu la simu kuna sauti inayozunguka, yenye kelele nyingi, inayodaiwa kuwa ya mshairi mmoja mkongwe wa zamani sana. Wazazi wawili wameniletea wakiomba tuitumie darasani. Nitajuaje kama ni ya kweli? Pili, yupo mzee katika mtaa wetu anayeghani vizuri ajabu, na amekubali kurekodiwa. Nina simu tu. Nifanyeje nisiharibu?

---

Msomaji wa Himbi, Goma

Kwa la kwanza: anza na tarehe. Mashine ya kwanza ya kunasa na kurudisha sauti ni ya Edison, mwaka 1877. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu mwaka 1840, kwa hiyo mtu akikuletea "sauti ya Muyaka" huhitaji kuisikiliza. Baada ya hapo uliza njia: chombo cha asili kiko wapi, nani aliinakili, lini. Usipopata mnyororo huo, usiitumie kama sauti ya mshairi hata kama inavutia. Kuna mfano maarufu wa Walt Whitman wa Marekani, aliyefariki mwaka 1892. Kuna sauti inayosoma mishororo minne ya shairi lake "America", ambayo wengi wanaamini ni yake. Silinda ya asili haipo. Kilichobaki ni nakala kutoka kipindi cha redio cha mwaka 1951. Wataalamu wamebishana miaka mingi, wengine wakiikubali kwa sababu ya lafudhi, wengine wakiikataa, na bila silinda hakuna wa kumaliza ubishi huo. Ikiwa sauti ya mshairi mkubwa wa taifa tajiri namna hiyo imekwama, sembuse faili lisilo na jina lililotoka simu hadi simu. Kelele nazo si ushahidi; siku hizi programu yoyote inaweza kuziongeza.

Kuhusu mzee wako, Papa Fundi atakujibu vizuri kuliko mimi, lakini naomba neno moja. Huku kwetu Kivu, utendi wa Mwindo wa Wanyanga ulichukuliwa mwaka 1956 kutoka kwa Shekarisi Rureke, katika nchi ya Walikale, na mtafiti Daniel Biebuyck pamoja na wasaidizi wake walioandika kwa mkono huku mzee akisimulia, akiimba na kucheza kwa siku 12. Kitabu alichokitoa pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969 ni hazina, na ninakisoma mara kwa mara. Ila kila ninapofika penye wimbo ninabaki na maneno bila tuni. Usimkatize mzee kwa sababu ya muda. Pembe na santuri ndizo zilizokuwa na dakika tatu. Simu yako haina sababu ya kumharakisha.

---

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Nakubaliana na ndugu wa Himbi kuhusu Yeats. Hoja yake ya maikrofoni imenishinda, na ninaichukua.

Mwalimu, kwa simu unaweza kufanya kazi nzuri. Chagua chumba chenye mapazia, magodoro au nguo nyingi, kwa sababu kuta tupu na bati la paa vinarudisha mwangwi, na epuka saa za mvua na za jenereta za majirani. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza yenyewe, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni mwa mzee na kidogo pembeni, ili pumzi ya p na b isiipige maikrofoni moja kwa moja. Zima mitandao yote ili simu isilie. Tumia programu ya kurekodi inayokubali faili la WAV, kwa sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde ikiwezekana. Linakula nafasi, kama MB 5 au 6 kwa dakika kwa chaneli moja, lakini halijabanwa, na zile s na f ambazo pembe ya 1913 ilizimeza zitabaki zote. Usilitume faili la asili kwa WhatsApp, maana huko linaweza kubanwa. Nakili kwa kebo, uweke kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti.

Kabla mzee hajaanza, sema wewe mwenyewe kwa sauti ndani ya rekodi hiyohiyo: tarehe, mahali, jina lake kama ameridhia litajwe, jina la utenzi, na nani alimfundisha. Lebo ya karatasi hupotea na jina la faili hubadilishwa, lakini maneno yaliyo ndani ya sauti hayatengani nayo. Halafu mwache aghani mara ya kwanza bila kumgusa. Mara ya pili, kama hajachoka, mwombe auseme utenzi uleule polepole kwa sauti ya mazungumzo, neno kwa neno, ili wanafunzi wako waweze kuuandika bila kukisia. Rekodi hiyo ya pili watu wengi huisahau, na ndiyo itakayokufaa siku utakapokutana na neno la zamani ambalo hakuna kijana wa Katuba anayelijua.